Mwisho Mwema na Raha ya Msomaji: Riwaya za Mahaba baina ya Wanawake

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana mazoea ya kuizungumzia raha. Tunapoichambua riwaya huuliza dhamira yake ni ipi, mwandishi ana msimamo gani, na jamii imechorwa vipi. Ni nadra tuulize kwa nini msomaji alikesha nayo hali asubuhi alikuwa na kazi. Hata pale tulipoikubali riwaya pendwa iingie katika mihadhara yetu, tuliipokea kama daktari ampokeavyo mgonjwa. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo la raha, na yataliuliza juu ya utanzu ambao wengi wetu hatujauzungumzia hadharani, ingawa siamini kwamba hapana miongoni mwetu aliyeusoma: riwaya za mahaba ambazo wapenzi wake wawili ni wanawake.

Kwanza istilahi. Kiswahili kina neno msagaji, na kila aijuaye lugha hii anajua kwamba neno hilo hutumiwa zaidi kutukania. Linataja tendo na kuuacha moyo. Utanzu ninaouzungumzia unahusu moyo kwanza, kwa hiyo nitasema wanawake wapendanao, au wapenzi tu pale ambapo maana haipotei. Wala nisieleweke kuwa nazungumzia ile desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke mwenziwe iliyojulikana miongoni mwa Wanandi na jamii nyingine za Kenya. Ile ilikuwa taasisi ya urithi na ukoo, kama Regine Smith Oboler alivyoeleza mwaka 1980, na mahaba hayakuwa shabaha yake. Riwaya hizi zina nasaba nyingine. Zilizaliwa Uingereza na Marekani, na huko ndiko tutakakozifuata.

Yafaa tuanze na kitabu ambacho hakina raha hata chembe. Mnamo Julai 1928 Radclyffe Hall alichapisha mjini London riwaya yake The Well of Loneliness, kisa cha Stephen Gordon, binti wa kabaila wa Kiingereza aliyepewa jina la kiume kwa kuwa wazazi wake walimtarajia mvulana. Stephen anampenda Mary, wanaishi pamoja Paris, na mwishoni Stephen anajisingizia uhusiano na mwanamke mwingine ili Mary avunjike moyo na kumwendea mwanamume anayeweza kumpa ndoa na heshima. Ni kitabu kizito, chenye kuhubiri kila baada ya kurasa chache, na nakiri kwamba nilikimaliza kwa wajibu kuliko kwa hamu. Hakina ukurasa ambao leo ungemfanya mtu ainamishe uso. Hata hivyo Novemba mwaka huo huo hakimu Sir Chartres Biron aliamuru nakala zake ziharibiwe, na kitabu hakikuchapishwa tena Uingereza mpaka 1949. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mwisho wake wa msiba haukukiokoa. Kosa la Hall mbele ya mahakama lilikuwa kuwaombea huruma wahusika wake; hakuwalaani.

Watu wa biashara walilielewa somo hilo barabara. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilifurika vitabu vidogo vya jalada jepesi, vilivyouzwa kwa senti 25 katika vituo vya mabasi na maduka ya dawa, na mwaka 1952 kampuni ya Gold Medal ilitoa Spring Fire, riwaya ya wasichana wawili wanafunzi wa chuo kikuu. Mwandishi wake, Marijane Meaker, alijiita Vin Packer. Alieleza baadaye kwamba mhariri alimwonya mapema: kitabu kisiishie kwa furaha, kwa sababu vitabu husafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wangezuia shehena nzima ya kitabu kinachoonekana kuyasifu mapenzi hayo. Kwa hiyo katika kurasa za mwisho mmoja wa wasichana anarukwa na akili na kufungiwa, na mwenziwe anatambua kwa ghafla kwamba hakumpenda kamwe. Msomaji yeyote makini ataona mshono. Sura kadhaa zimemjenga mhusika huyu kuwa mtu anayependa kwa dhati, kisha sentensi moja inakana yote, kama shahidi aliyefundishwa la kusema. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mamia kwa maelfu ya wanawake walikinunua wakijua kitaishia vibaya, na inaelekea walijifunza kusoma kwa namna ya pekee: kuupokea mwanzo na kuutupa mwisho. Sina hakika kwamba nadharia zetu za upokezi zimewahi kuitafakari vya kutosha hila hiyo ya msomaji.

Mwaka ule ule, 1952, kilitokea kitabu ambacho ndicho hasa kilichonisukuma kuandika makala haya. Patricia Highsmith alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alipofanya kazi ya muda katika duka kubwa la New York msimu wa Krismasi ya 1948, akiuza wanasesere. Siku moja alimhudumia mwanamke mmoja aliyevaa koti la manyoya. Wakauziana, mteja akaenda zake. Usiku huo Highsmith aliandika muhtasari wa riwaya nzima. Mchapishaji wake wa kwanza aliikataa, mwingine akaikubali, nayo ikatoka kwa jina The Price of Salt na kwa lakabu ya Claire Morgan. Highsmith hakuiwekea jina lake mpaka ilipochapishwa upya mwaka 1990 kwa jina Carol, na wengi waliijua kwa filamu ya jina hilo hilo ya mwaka 2015.

Therese ni kijana wa miaka 19, anauza wanasesere dukani na anatamani kazi ya kubuni mandhari za jukwaa. Carol ni mke wa tajiri, yuko katika kesi ya talaka, ana binti mdogo. Wanasafiri kwa gari kuelekea magharibi, na mume anamtuma mpelelezi awafuate na kunasa maneno yao. Carol analazimika kuchagua, na uchaguzi wake unamgharimu malezi ya mtoto. Hapa msuko ulikuwa umefika mahali pale pale ambapo vitabu vingine vyote viliwarudisha wahusika kwenye kaburi, wodi ya vichaa au mume. Highsmith anakataa. Therese, ambaye kwanza amekataa kurudiana na Carol, anaingia mkahawani, anamwona Carol kwa mbali kabla Carol hajamwona yeye, na anamwendea. Riwaya inaishia katika hatua zile. Hakuna kiapo wala nyumba wala miaka ya baadaye. Ni mwisho mwema wa chini kabisa uwezao kuitwa mwisho mwema, na bado wasomaji walimwandikia Claire Morgan barua nyingi kwa miezi mingi, wengi wao wakimshukuru kwa jambo hilo moja: kwamba hakuna aliyekufa.

Shukrani hizo zinatuonyesha kitu kuhusu raha ya kusoma ambacho uhakiki hukipuuza. Tumezoea kusema kwamba mwisho mwema ni udhaifu wa riwaya pendwa, dawa ya usingizi anayopewa msomaji asione matatizo ya jamii yake. Pengine ndivyo, pale ambapo mwisho huo umeruhusiwa tangu azali. Lakini kwa wasomaji wa 1952 mwisho mwema ulikuwa ndicho kitu kimoja kilichokatazwa, na wakaguzi wa posta, ambao hawakuwa wanafalsafa, walitambua nguvu yake kuliko wahakiki wengi. Kanuni moja ya fani ilikuwa imegeuka kuwa hoja. Ndiyo maana sikubali kwamba fomula ni kitu kisicho na maana yake yenyewe; maana yake yategemea ni nani aliyenyimwa.

Nasi tunaijua vizuri raha ya mwisho unaojulikana kabla. Mtoto anayesimuliwa ngano anajua kwamba wataishi raha mustarehe, na kujua huko hakumzuii kuuliza, "Kisha ikawaje?" Kunamwachia nafasi ya kuangalia njia, kwa kuwa hana wasiwasi na kituo. Janice Radway, aliyewahoji wanawake wa Marekani wasomaji wa riwaya za mahaba na kuchapisha utafiti wake mwaka 1984, alikuta kwamba baadhi yao hufungua kurasa za mwisho kwanza kabla ya kununua. Wasomi walilicheka jambo hilo. Bibi zetu wasingelicheka. Ajabu ni kwamba riwaya ya Kiswahili, ambayo imerithi mengi kutoka kwa ngano, iliuacha urithi huu mara tu ilipofikia mapenzi. Mapenzi ya Bahati na Idi katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed yanaharibiwa na tamaa ya mali; Rosa Mistika wa Kezilahabi anajiua. Sisemi waandishi hawa walikosea. Nasema tu kwamba tumekizoesha kizazi kizima cha wanafunzi kuamini kwamba mapenzi yakifaulu kitabu si cha fasihi.

Pamela Regis, katika kitabu chake cha 2003 juu ya historia ya riwaya ya mahaba, ametaja vipengele 8 ambavyo kila riwaya ya aina hii huwa navyo: jamii inayoelezwa kuwa na kasoro, kukutana, kizuizi, mvuto, kutamkiana mapenzi, ile hali ambapo matumaini yote huonekana yamekufa, utambuzi unaoondoa kizuizi, na kuposana. Orodha hiyo haina utata, na sitaipitisha juu ya kila kitabu. Ninalotaka kutoka kwake ni kipengele cha kizuizi. Katika mahaba ya mwanamume na mwanamke kizuizi hubuniwa: kiburi, tabaka, uvumi, barua iliyopotea. Katika riwaya za wanawake wapendanao, kwa muda mrefu, kizuizi hakikuhitaji kubuniwa. Kilikuwa nje, katika sheria na katika midomo ya majirani, na mwandishi aliyekuwa mvivu angeweza kuegemea hapo. Waandishi bora hawakuegemea. Jane Rule wa Kanada alitoa Desert of the Heart mwaka 1964. Evelyn, mhadhiri wa fasihi (wasomaji wa jarida hili watamtambua kwa tabia yake ya kujificha nyuma ya manukuu), anakwenda Reno, Nevada, kungoja talaka, na huko anampenda Ann, kijana anayefanya kazi katika jumba la kamari. Sheria iko pale, lakini kizuizi halisi ni Evelyn mwenyewe: elimu yake imempa maneno ya kila kitu isipokuwa hili. Raha ya kitabu hiki ni raha ya kuwasikiliza watu wawili wenye akili wakibishana na kushindwa polepole na hoja za mwingine.

Vitabu hivi havikuwafikia wasomaji wenyewe kwa wenyewe. Jeannette Howard Foster, mkutubi, alitumia miaka mingi kutafuta habari za wanawake wapendanao katika fasihi za Ulaya na Marekani, na mwaka 1956 akalipia mwenyewe uchapishaji wa kitabu chake. Barbara Grier alifuata nyayo zake, akahakiki vitabu katika jarida la The Ladder kwa lakabu ya Gene Damon, na mwaka 1967 akashiriki kutoa orodha ya vitabu iliyopewa alama za herufi, T ikiwa alama ya takataka. Sijui bibliografia yetu ambayo imethubutu hivyo. Alma Routsong, kwa lakabu ya Isabel Miller, alichapisha mwenyewe nakala 1,000 za riwaya yake mwaka 1969, akaziuza kwa mkono mikutanoni. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina Patience and Sarah, na mwaka 1971 ilipata tuzo ya kwanza ya wakutubi wa Marekani kwa vitabu vya aina hii. Mwaka 1973 Grier na wenziwe walianzisha Naiad Press, nyumba ya uchapishaji ya wanawake hawa wenyewe, nayo ikadumu mpaka 2003. Katika vitabu vyake mashuhuri kimojawapo ni Curious Wine cha Katherine V. Forrest, cha mwaka 1983: wanawake kadhaa mapumzikoni katika nyumba ya mbao karibu na Ziwa Tahoe, theluji nje, na wawili kati yao ambao hawakutarajia. Lugha yake ni ya kawaida, na mazungumzo mahali pengine yamejaa maji. Lakini hakuna anayekufa, hakuna anayerukwa na akili, na nimekutana na wasomaji wanaokikumbuka kitabu hicho kama wengine wanavyokumbuka mwalimu wao wa kwanza.

Leo hali ni nyingine. Sarah Waters alikwisha andika tasnifu ya uzamifu juu ya riwaya za kihistoria za aina hii kabla ya kutoa Tipping the Velvet mwaka 1998, na Fingersmith ya 2002, kisa cha mwizi Sue na mrithi Maud wanaodanganyana hadi wanapendana, ina msuko ambao ningependa kila mwanafunzi wa fani aufumue na kuufuma upya. Casey McQuiston, katika One Last Stop ya 2021, amemweka mmoja wa wapenzi ndani ya treni ya New York akiwa ametoka miaka ya 1970. Ni kitabu kitamu mno kwa kinywa changu, lakini siwezi kusema kwamba nilikiweka chini. Mwaka huo huo Malinda Lo alipata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani, kitengo cha vijana, kwa Last Night at the Telegraph Club. Lily, binti wa Kichina wa San Francisco ya 1954, anakuta dukani kimoja cha vile vitabu vidogo vya jalada jepesi na anakisoma amesimama, kwa kificho. Utanzu umefikia umri wa kuwatazama mama zake.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Mwandishi wa Kiingereza anayesimulia mapenzi ya mwanamume na mwanamke hupewa na sarufi zawadi asiyoiona: viwakilishi viwili vya nafsi ya tatu, kimoja cha kiume na kimoja cha kike, vinavyomwambia msomaji wakati wote nani anamfanya nini nani. Anaposimulia wanawake wawili zawadi hiyo huondoka. Mkono ni wa nani? Nani aliyecheka? Wengi hulazimika kurudia majina hadi yanachosha, au kumwita mmoja "yule mrefu" katikati ya busu, jambo linaloua busu lenyewe. Miller na Waters walilikwepa tatizo kwa kuwapa wapenzi wote wawili nafasi ya kusimulia kwa zamu katika nafsi ya kwanza.

Kiswahili hakikupata kuwa na zawadi hiyo. Mtu asemapo, "Alimtazama, akamshika mkono, akamwambia asiondoke," hatujui nani mwanamume na nani mwanamke, wala kama yupo mwanamume. Kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili amelazimika tangu zamani kuwa na mbinu za kuwatenga watendaji wawili: huyu na yule, mwenziwe, mpangilio wa majina, na ile hali ya kumshika mtendaji mmoja kwa sentensi kadhaa kabla ya kumpokeza mwingine uzi. Fasiri ya riwaya hizi kwa Kiswahili, kwa maoni yangu, ingekuwa na wepesi ambao asili yake haina. Mwaka 1992 Jeanette Winterson alisifiwa kwa Written on the Body, riwaya ambayo msimulizi wake hajulikani kuwa mwanamume au mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho. Washairi wetu wa mahaba, kwa mpenzi, muhibu na mwandani, wamefanya hivyo karne nyingi bila kusifiwa.

Lakini kuna mahali ambapo Kiswahili kinageuka na kuwa kigumu kuliko Kiingereza, nako ni kwenye kipengele cha mwisho cha Regis. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi kimegawa kazi kabla wahusika hawajafungua kinywa. Nimewahi kujaribu, kwa mazoezi tu, kufasiri sura ambayo mwanamke anamposa mwenziwe, na kila njia iliniwekea mmoja wao katika kiti cha mume. Kilichoniokoa ni kauli ya kutendana: tuoane. Kauli hiyo haimweki yeyote juu, na nilipoirudia rasimu yangu nikaona kwamba ilikuwa imejaa humo bila kukusudia: wanatazamana, wanangojana, wanaoneana haya, wanasameheana. Yafaa mtu mwenye subira zaidi aichunguze kauli hii katika lugha ya mapenzi, hata katika tungo zetu za zamani.

Katika Afrika utanzu huu ndio kwanza unaota. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi "Jambula Tree". Chinelo Okparanta wa Nigeria alitoa Under the Udala Trees mwaka 2015, riwaya inayoanzia katika vita vya Biafra na, baada ya mateso mengi, kuwaacha wapenzi wakiwa hai na wakiwa pamoja. Hadithi ya Arac de Nyeko ndiyo iliyozaa filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ya mwaka 2018. Jina hilo ni la Kiswahili kwa sababu iliyo wazi kwa kila Mkenya: ndilo neno ambalo wapenzi wa namna hii huwatambulishia wenzao mbele ya watu. Bodi ya Kuainisha Filamu ilipiga marufuku isionyeshwe nchini. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Kahiu ameeleza kwamba kabla ya marufuku hiyo alitakiwa aubadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu mhariri wa Gold Medal ampe Meaker onyo lake, na sidhani kwamba yeyote aliyehusika Nairobi aliwahi kulisikia. Mwisho wenyewe ni mfupi. Miaka imepita, Kena yuko peke yake juu ya kilima, anasikia akiitwa kwa jina. Mkono unamgusa begani, naye anageuka.